Vuli ya Muheza na vuli ya Göteborg

Swali: "Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nalima hapa Muheza, mkoani Tanga. Mwanangu wa darasa la tano aliulizwa kwenye jaribio vuli ni nini. Akaandika kuwa ni wakati wa mvua fupi, watu wanapanda mahindi na maharage. Akawekewa kosa. Jibu lililotakiwa ni kwamba vuli ni majira ambayo majani ya miti hupukutika. Nikampigia dada yangu anayeishi Göteborg, Sweden, akasema ni kweli, mwezi wa kumi majani yote yako chini. Mdogo wetu wa kiume yuko Melbourne, Australia. Yeye akashangaa, akasema mwezi wa kumi kwao miti ndiyo inachipua. Halafu wenyewe wawili wakaanza kubishana kama majira huanza tarehe 1 au tarehe 21. Naomba unieleze: je, majira manne ni ya dunia nzima? Na mtoto nimwambie nini?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na la mtoto, kwa sababu ndilo lililoniuma. Hakukosea. Vuli ni mvua. Neno hilo lilikuwa la wakulima na wavuvi wa pwani hii kabla halijaingia kwenye kitabu chochote cha shule, na hadi leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa mwelekeo wa vuli inazungumzia mvua za Oktoba hadi Desemba, haizungumzii majani. Aliyeandika habari ya majani kwenye kitabu cha shule alikuwa anatafuta neno la Kiswahili la kitu kilichoko Ulaya, akalichukua lililokuwa jirani. Kitu anachokisema kipo. Dada yako anakiona kwa macho yake. Ila jina alilokipa lilikuwa tayari na mwenyewe.

Sasa ili umweleze mtoto vizuri, na ili ndugu zako wasigombane bure, inabidi turudi kwenye jua.

Watu wengi wazima, hata waliosoma, huamini kwamba joto huja pale dunia inapolisogelea jua. Sivyo. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Na Januari hiyohiyo dada yako anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Kinachofanya kazi ni mwinamo: dunia inalizunguka jua ikiwa imelala upande kwa nyuzi 23.4, na upande huo haubadiliki mwaka mzima. Juni inapofika, nusu ya kaskazini imeelekezwa kwenye jua, na Desemba ni zamu ya nusu ya kusini. Göteborg mwezi Juni mchana una karibu saa 18, Desemba haufiki saa 7. Melbourne, Desemba mchana unakaribia saa 15, na Juni unabaki saa 9 na nusu. Hapo ndipo majira ya ndugu zako yanapozaliwa, na ndiyo maana yanapishana kwa miezi sita kamili.

Na Muheza? Mchana wenu mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote havitofautiani hata kwa saa moja. Kwa mkoa wa Tanga, mwezi wa joto kali na mwezi wa baridi vinaachana kwa nyuzi nne hivi za wastani. Göteborg, wastani wa Januari unazungukia sifuri na wa Julai uko kwenye 17 au 18. Mtu wa Göteborg akikatiwa mwaka kwa joto, anaona vipande. Wewe ukikatiwa mwaka kwa joto, unaona kitambaa kimoja chenye rangi moja, kimefifia kidogo upande wa Julai. Kinachokata mwaka wako ni mvua, na nyuma ya mvua kuna upepo.

Jua la utosi hupita juu ya Muheza mara mbili kwa mwaka: mara moja likielekea kaskazini, karibu tarehe 7 Machi, na mara ya pili likirudi kusini, karibu tarehe 6 Oktoba. Linapopita linaacha nchi na bahari vimepashwa moto, hewa inapanda, pepo za kaskazini na za kusini zinakuja kukutana hapo, na mawingu yanajengeka. Mkanda huo wa mvua hulifuata jua kwa kuchelewa wiki kadhaa, kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni. Ukipita kuelekea kaskazini mnapata masika, ndefu na nzito, Machi hadi Mei. Ukirudi mnapata vuli, Oktoba hadi Desemba, fupi na yenye kigeugeu. Kati yake kuna miezi miwili mikavu ya Januari na Februari, ndiyo kiangazi chenu, na kuna kipupwe cha Juni hadi Agosti. Hiyo ndiyo kalenda ya mtoto wako, na aliijibu kama ilivyo.

Lakini hata hiyo si ya Tanzania nzima. Mkanda wa mvua ukishuka kusini hadi Songea na Mbeya hukaa huko, kisha ndiyo unageuka, kwa hiyo watu wa huko wanapata mvua moja ndefu, Novemba hadi Aprili. Watabiri wetu huiita mvua za msimu, na Dodoma nayo iko kwenye kundi hilo. Mtoto wa Dodoma hana vuli wala masika kwa maana ya Muheza. Na neno kiangazi, ambalo vitabu hupenda kulifanya liwe joto, kwa mkulima wa Dodoma ni ukavu: linaanzia Mei na kuendelea hadi Novemba, na ndani yake zimo Juni na Julai ambazo usiku watu wanajifunika mablanketi.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu kosa la kile kitabu linaweza kuonekana kwa macho ukichukua kalamu.

Andika miezi kumi na miwili kwenye mstari. Weka majira ya Muheza juu yake kwa mpangilio: masika, kipupwe, vuli, kiangazi. Chini yake weka ya Göteborg: majani kuchipua Machi hadi Mei, joto Juni hadi Agosti, majani kupukutika Septemba hadi Novemba, baridi Desemba hadi Februari. Sasa tazama mtafsiri alivyofanya. Alipotaka jina la majira ya kuchipua akatazama miezi, akaona Machi hadi Mei, akachukua masika. Alipotaka jina la majira ya kupukutika akatazama miezi tena, akachukua vuli. Alipofika kwenye joto, akaacha kutazama miezi. Angefuata miezi angelazimika kuyaita majira ya joto ya Ulaya "kipupwe", na hilo asingelithubutu. Kwa hiyo safari hii alitazama hali ya hewa, akachukua kiangazi, na baridi akaipa kipupwe.

Maneno mawili yametafsiriwa kwa kalenda na mawili kwa joto. Matokeo yake ni orodha inayosema masika, kiangazi, vuli, kipupwe, mpangilio ambao haujawahi kutokea Muheza tangu dunia iumbwe. Baada ya masika haliji jua kali, huja ubaridi. Mtoto anayeishi hapo anajua, na mtoto anayekariri orodha hiyo anafundishwa kutoamini anachokiona dirishani. Mimi nimefundisha jiografia kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa kijana wa kituo cha hali ya hewa, kazi yangu kusoma kipimamvua kila siku saa tatu asubuhi. Sijui jambo linalomvunja mtoto moyo wa kuchunguza kuliko hilo.

Ajabu nyingine: Muheza iko kusini mwa ikweta, nyuzi 5 na kidogo. Kwa hesabu ya jua nyinyi ni majirani wa Melbourne kuliko wa Göteborg. Kiangazi chenu cha Januari na Februari kinaangukia katikati ya majira ya joto ya mdogo wako, na kipupwe chenu cha Juni hadi Agosti ndiyo baridi yake. Miezi ya vuli yenu ndiyo miezi anayoona miti ikichipua, na kama ni lazima tulinganishe, kuchipua kunaifaa vuli kuliko kupukutika. Wiki mbili baada ya mvua ya kwanza kushika, bonde zima linabadilika rangi.

Nije kwenye ubishi wa tarehe 1 na tarehe 21. Wote wawili wako sawa, kila mmoja kwa kipimo chake.

Tarehe 21 ni ya wanajimu wa sayansi, watu wa nyota na sayari. Wao wanatazama siku nne za mwaka: mbili ambazo mchana na usiku hulingana, karibu tarehe 20 Machi na 22 Septemba, na mbili ambazo mchana hufikia kilele cha urefu au ufupi, karibu tarehe 21 Juni na 21 Desemba. Kila majira huanzia kwenye siku hiyo. Ni kipimo safi, ila vipande vyake havilingani. Dunia hukimbia zaidi inapokuwa karibu na jua, kwa hiyo baridi ya kaskazini ina siku 89 tu na majira ya joto yana siku zaidi ya 93.

Tarehe 1 ni ya watu wa hali ya hewa. Sisi tunahitaji miezi mizima ili kujumlisha mvua na kupata wastani, basi tunakata mwaka kwa miezi mitatu mitatu: Desemba hadi Februari, Machi hadi Mei, Juni hadi Agosti, Septemba hadi Novemba. Desturi hii inahusishwa na chama cha wapimaji wa hali ya hewa kilichoundwa Mannheim, Ujerumani, mwaka 1780, ambacho kilisambaza vipimo vya aina moja kwenye vituo vya nchi mbalimbali. Inafuata joto lenyewe kuliko inavyofuata jua, maana ardhi na bahari vinachelewa kupata moto na vinachelewa kupoa. Sufuria haichemki dakika ile unayowasha jiko. San Francisco kule Marekani bahari yake ni baridi kiasi kwamba mwezi wa joto kuliko yote kwa kawaida ni Septemba, wakati kalenda ya shule imeshaanza kuchora majani yanayoanguka. Australia wanatumia tarehe 1, kwa hiyo mdogo wako anaposema majira ya kuchipua yalianza tarehe 1 Septemba anasema kama wenzake wote wa huko.

Lakini mwambie dada yako kwamba anaishi kwenye nchi yenye kipimo cha tatu, na mimi ndicho ninachokipenda zaidi. Idara ya hali ya hewa ya Sweden haitaji tarehe kabisa. Inatazama kipimajoto. Wastani wa siku ukibaki nyuzi 10 au zaidi kwa siku tano mfululizo, majira ya joto yamefika mahali hapo. Ukibaki sifuri au chini kwa siku tano, baridi imefika. Kati ya hapo, joto likiwa linapanda kwa siku saba ni kuchipua, na likiwa linashuka kwa siku tano ni kupukutika. Wameweka na uzio: kuchipua hakuhesabiwi kabla ya tarehe 15 Februari, na kupukutika hakuhesabiwi kabla ya tarehe 1 Agosti. Kwa hiyo majira ya kuchipua Sweden husafiri. Yanaingia kusini Februari au Machi, yanapanda polepole, na kaskazini kabisa yanaweza kufika Mei. Na kuna miaka majira hayafiki: mwaka 2019 kuingia 2020, sehemu kubwa ya kusini mwa Sweden haikupata baridi kwa kipimo hicho. Watu walivaa makoti, siku zikawa fupi kama kawaida, ila siku tano za sifuri mfululizo hazikupatikana.

Muulize pia kuhusu sikukuu yao ya Juni, ile wanayosimamisha mti wa maua na kucheza kuuzunguka. Jina lake kwa Kiswedi maana yake ni katikati ya majira ya joto. Inafanyika kati ya tarehe 19 na 26 Juni, yaani siku zilezile ambazo kalenda ya wanajimu inasema majira ya joto ndiyo yanaanza. Waliotoa jina hilo la zamani walihesabu kwa namna nyingine kabisa. Waayalandi nao wanayo desturi ya kuanza kuchipua tarehe 1 Februari, siku ya Mtakatifu Brigid, na lugha yao inashuhudia: Septemba kwa Kiayalandi ni "katikati ya mavuno" na Oktoba ni "mwisho wa mavuno". Iceland ndiyo kabisa. Kalenda yao ya kale ilikuwa na majira mawili tu, ya joto na ya baridi, na hadi leo siku ya kwanza ya majira ya joto ni sikukuu ya taifa, Alhamisi moja kati ya tarehe 19 na 25 Aprili, siku ambayo theluji inaweza kuanguka na watu wakaandamana mtaani vivyo hivyo.

Unaona basi kwamba hata nchi za baridi hazikukubaliana juu ya manne. Na wanaokubali manne hawakubaliani juu ya mlango. Tokyo wanao mti maalumu wa mcheri kwenye hekalu la Yasukuni. Afisa wa hali ya hewa huenda kuuangalia, na maua matano au sita yakifunguka anatangaza kwamba maua ya Tokyo yameanza, taifa zima linasikiliza.

Watu ninaowapenda zaidi katika habari hii ni Wanoongar, wenyeji wa kusini magharibi mwa Australia, upande wa Perth, mbali sana na alipo mdogo wako. Wazungu walipofika huko walishusha majira yao manne kama mizigo kutoka melini, wakayageuza juu chini, basi. Wanoongar walikuwa na sita, na wanayo bado. Birak, Desemba na Januari, ukavu na joto, unaanza mti wa moodjar unapowaka maua ya rangi ya machungwa. Bunuru, Februari na Machi, joto lenyewe. Djeran, Aprili na Mei, hewa inaanza kupoa na siafu wenye mbawa wanaruka kwenye upepo mwepesi. Makuru, Juni na Julai, baridi na mvua, wakati ambao zamani watu walihama pwani na kuingia bara. Djilba, Agosti na Septemba, siku moja mvua na siku moja jua. Kambarang, Oktoba na Novemba, maua kila mahali. Hakuna tarehe. Mtu anajua kwa kutazama kinachochanua na kinachoruka. Nawe unafanya vivyo hivyo: kumbikumbi wakitoka ardhini jioni baada ya mvua ya kwanza, huhitaji redio ikwambie vuli imeingia.

Tukirudi jirani, Wanyarwanda wanayo majira manne, tena manne hasa, na hayana uhusiano wowote na yale ya Ulaya. Urugaryi ni ukavu mfupi wa Januari na Februari. Itumba ni mvua kubwa za Machi hadi Mei. Impeshyi ni ukavu mrefu wa katikati ya mwaka. Umuhindo ni mvua za kuanzia Septemba hadi Desemba. Mtoto wa Kigali na mtoto wa Göteborg wote wakiulizwa "majira mangapi?" watajibu manne, na watakuwa hawazungumzii kitu kimoja. Kenya, Wakikuyu waliyaita majira yao ya mvua kwa kile kinacholiwa: mvua ya njahi, aina ya maharage, kwa ile ndefu, mvua ya mwere, yaani uwele, kwa ile fupi. Jina lenyewe ni maagizo ya kupanda.

Na Oman, ambako wengi wetu wa pwani tuna damu au ndugu, kuna mfano unaofanana kabisa na kisa cha mwanao. Kwa Kiarabu, khareef ni majira ya kupukutika. Nenda Salalah, jimbo la Dhofar, useme khareef: wanakuonyesha milima ya kijani, ukungu, manyunyu na maporomoko ya maji, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Pepo za kusi zinazopita kwetu zinaendelea hadi kule na kuikandamizia milima ile mawingu, wakati Muscat inaungua kwa zaidi ya nyuzi 40. Watu kutoka Ghuba nzima husafiri kwenda Salalah kulowa. Neno ni moja kwenye kamusi na dunia ni mbili. Sijasikia mtu akimwambia Mdhofari kwamba khareef yake ni kosa.

Kuna jambo la wazee wetu ambalo sitaki lipotee hapa. Pwani hii haikuhesabu mwaka kwa joto, na wala si kwa mvua peke yake. Ilihesabu kwa pepo. Kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi, kuanzia Aprili, iliyoyarudisha, na ambayo Juni na Julai bahari huchafuka hadi mvuvi wa ngalawa anabaki nchi kavu kushona nyavu. Demani, ule mwisho mtulivu wa kusi. Tanga mbili, siku za katikati ambazo upepo haujaamua. Pepo hizo ndizo zilizoipa lugha yetu kaskazini na kusini. Neno msimu lenyewe ni la Kiarabu, mawsim, wakati maalumu wa jambo kama kusafiri, na leo tunalitumia kwa machungwa na kwa ligi ya mpira. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili walilijua hili. Kwenye Mwanzo 8:22, mahali ambapo lugha nyingine zimeweka majira ya joto na majira ya baridi, wao waliandika "wakati wa kaskazi na wakati wa kusi". Hawakutafuta kufanana kwa nyuzi za joto. Walitafuta mambo mawili yanayopokezana na ambayo msomaji wa pwani anajua hayatakoma. Ni tafsiri ninayoiheshimu sana.

Tena wazee walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365 uliohesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi, tangu Nairuzi, ili nahodha na mkulima wajue wako wapi. Nairuzi ni neno la Kiajemi, siku mpya. Huko Iran inaadhimishwa Machi, siku ya kwanza ya kuchipua. Makunduchi, Unguja, Nairuzi hiyo, ndiyo Mwaka Kogwa, inaadhimishwa Julai, katikati ya kipupwe, kwa kupigana migomba na kuchoma kibanda. Sikukuu ilivuka bahari na kubaki na jina, na majira yake yakabadilika chini yake.

Kwa hiyo swali lako, kama majira manne ni ya dunia nzima: hapana. Kinachogusa dunia nzima ni mwinamo. Majira ni namna watu wa mahali fulani walivyoamua kuusoma, kwa kutumia kile kinachowaumiza au kuwalisha. Palipo na theluji, wanasoma joto. Palipo na shamba la mvua, wanasoma mvua. Palipo na jahazi, wanasoma upepo.

Nenda shuleni, mwanangu, lakini usiende kwa ugomvi. Mwalimu wa mtoto huenda naye alifundishwa hivyohivyo. Mpendekezee kwamba majira ya Ulaya yaitwe kwa maelezo yake: majira ya kuchipua, majira ya joto, majira ya kupukutika, majira ya baridi. Ni maneno ya wazi, hayamnyang'anyi mtu neno lake. Vuli, masika, kipupwe na kiangazi vibaki na kazi yake hapa nyumbani, maana ni kazi nzito. Vuli inapotangazwa kwamba itachelewa, wewe unachelewesha mbegu. Kipimo kimoja kinachotumika sana Afrika Mashariki ni milimita 20 ndani ya siku tatu, bila kufuatiwa na ukavu mrefu, ndipo tunasema mvua zimeanza. Kuna miaka kama 1997, mwaka wa El Niño, ambayo mvua za vuli zilivuka Desemba zikaendelea kunyesha, na aliyekuwa akisubiri kiangazi akaona barabara zinakatika. Mtoto anayejua kwamba vuli ni mvua atauelewa utabiri. Anayejua kwamba ni majani atasikiliza tangazo hilo na asijue linamhusu.

Na kama anapenda kuchunguza, nina kazi ya kumpa. Tarehe 6 Oktoba, akate kijiti cha mita moja, akisimamishe wima kwenye uwanja ulio sawa, atazame kivuli chake kuanzia saa sita hadi saa sita na nusu. Kitapungua hadi kitapotelea kwenye shina la kijiti, kwa sababu siku hiyo jua linapita utosini kwenu. Mwambie shangazi... nimekosea, mama yake mdogo wa Göteborg afanye hivyohivyo siku hiyo, na mjomba wa Melbourne pia, kila mmoja apime kivuli kikiwa kifupi kuliko vyote. Cha Göteborg kitakuwa karibu mita mbili na kitaelekea kaskazini. Cha Melbourne kitakuwa sentimita 64 hivi na kitaelekea kusini. Watumiane picha, kisha mtoto azichore tatu zote kwenye ukurasa mmoja wa daftari na kuandika chini ya kila moja kile kilichokuwa kinatokea mitini na shambani siku hiyo.